Mwanamke Juu ya Dale

Picha yangu imetundikwa kwenye ukuta wa ofisi yetu, kubwa kuliko ramani ya mji. Nimevaa kofia ya shantye, ile ya mahali pa ujenzi, nyeupe, safi, haina hata tone la beto, yaani zege, na nimenyoosha kidole kuelekea mahali ambapo mpiga picha aliniambia ninyooshe. Kule kidole kinakoelekea hakukuwa na kitu. Wageni wakija, patro wetu, mkuu wa ofisi, huwasimamisha mbele ya picha ile na kuwaambia kwamba katika ofisi hii wanawake wana nafasi yao. Si uongo. Nafasi yangu ni pale ukutani, na nimechoka nayo.

Mimi ni enjeniera wa majengo. Wazazi wangu ni Washi, watu wa Bukavu, wakahamia Goma nikiwa bado nabebwa mgongoni, baba alipopata kazi ya ukarani huku. Tulikaa Katindo, upande wa nyuma ya kambi ya askari, katika nyumba ya mbao iliyokalia mawe meusi ya volkano. Nikasoma, nikaingia chuo, nikakaa miaka yote ile katika darasa la wanaume waliokuwa wakiniuliza kila mwaka mpya kama nimepotea njia. Sikupotea. Nilimaliza, na wengine wao waliokuwa wakiniuliza hawakumaliza.

Patro wangu tulisoma chuo kimoja, yeye alinitangulia. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamchukia ukalala vizuri. Alinichukua kazini wakati ofisi nyingine zilinijibu kwamba zinatafuta mtu wa kukimbia huku na huku kwenye shantye. Ila kwake nako sikukimbia shantye. Nilikaa mezani. Nilichora, nilipiga hesabu za vyuma, nguzo na misingi, halafu mwanaume alichukua karatasi zangu akaenda kusimamia kazi. Nyumba ikisimama, nilipelekwa kuiangalia siku ya kukata utepe, nimevaa kitenge. Nilikuwa mtu anayepika chakula asichoruhusiwa kuonja, na kama chumvi imezidi anaulizwa yeye.

Kisha ikaja shule ya Mugunga, pembezoni mwa mji. Vita vilikuwa vimeingia mjini, mahema ya wakimbizi kule yakavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine walirudi, wengine walibaki kwa jamaa, na watoto wakajaa mtaani bila darasa. Parokia ikapata mfadhili wa ng'ambo wa kujenga shule ya ghorofa. Mfadhili huyo alisema wazi kwamba anataka msimamizi wa shantye awe mwanamke. Patro alinitazama kama mtu anayekumbuka kwamba ana mwavuli nyuma ya mlango. Akasema kazi ni yako. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba nikiimaliza vizuri shantye zitakazofuata ni zangu, lakini pakitokea fujo na watu, narudi mezani na hatutazungumza tena habari hiyo.

Sitadanganya, nilifurahi kama mtoto. Nilimpigia mama simu sokoni, akapiga vigelegele mbele ya wateja wake wa mihogo. Nilinunua buti za saizi yangu, kwa sababu buti za ofisi zote zilikuwa za miguu ya wanaume.

Kapita, kiongozi wa mafundi, alikuwa muzee mmoja kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli, rozari yake ilikaa kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli. Nilimwendea siku ya kwanza nimeshika roho mkononi, nikingoja dharau. Sikuipata. Aliniita mama enjeniera, alipanguza kiti akanikalisha, na vijana wake walipoanza matusi yao ya kazini aliwakoholea tu, wakanyamaza. Aliniletea parachichi za shamba lake. Tulibishana juu ya kokoto, juu ya maji kuzidi kwenye beto, na mara nyingine alishinda yeye, mara nyingine mimi. Msingi ukakaa, kuta zikapanda. Nikawaambia wenzangu ofisini kwamba mambo ya ubaguzi yako kwenye vichwa vya watu wa ofisi, kwenye shantye watu wana kazi. Jamani, nilivyokuwa najisifu!

Hapa kwetu siku ya kumwaga dale, ile sakafu ya beto ya ghorofa, ni kama sikukuu. Haiwezi kukatizwa katikati, kwa hiyo watu wanaitwa wengi. Mashine ya kuchanganya beto inakodishwa, sufuria kubwa za maharage zinawekwa motoni. Wanawake wanabeba mchanga na kokoto mgongoni kwa kamba ya paji la uso, wanabeba maji kwa madumu, wanafikisha mpaka chini ya ngazi. Pale wanatua. Wanaume wanapokea, wanapandisha. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani ni mpango wa kazi tu.

Nilifika asubuhi mapema nikague vyuma kabla ya beto kuvifunika. Nilikuwa na sababu kubwa. Mbele ya madarasa ya juu nilichora koridori ya nje, ambayo watoto wangepita kwenda darasani. Koridori hiyo haina nguzo chini yake. Imeshikwa na jengo upande mmoja tu, huku kwingine inaning'inia. Mafundi wetu wamezoea dale inayolala juu ya kuta pande zote, na kwa dale ya namna hiyo vyuma vinavyobeba mzigo vinakaa chini. Kwa kitu kinachoning'inia ni kinyume. Vyuma lazima vikae juu, kwa sababu kule juu ndiko beto inakopasukia. Ukiviweka chini, sakafu inakauka vizuri, inapakwa rangi, inapendeza. Halafu siku watoto wote wanapotoka darasani kwa pamoja, inakatika.

Niliweka mguu kwenye ngazi. Kapita akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Mama enjeniera, apana," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanamuke hapandake juu ya nyumba."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana utani ulikuwa umeanza kuingia kati yetu. Hakucheka. Alinieleza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. Mwanamke akipanda juu ya nyumba, anaita kifo cha mwenye nyumba. Ni hivyo kwao Wanande, ni hivyo kwa Wahunde, na akaongeza kwamba ni hivyo hata kwenu Washi, mama, unajua. Nyumba ambayo haijaisha ni mbaya zaidi, kwa sababu haijabarikiwa. Kisha akageuza macho pembeni, na mimi nikageuka.

Mwenye kiwanja alikuwa amekaa pale. Muzee wa Kihunde, yeye ndiye aliyetoa ardhi yake kwa ajili ya shule, na watu wote waliiita nyumba ile nyumba yake. Alikuwa amekuja kutazama dale, amekalia kiti cha plastiki, amevaa koti zito, kwa sababu kifua kilikuwa kinamsumbua tangu zamani. Alikuwa amesikia kila kitu. Alinitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira. Mlikuwa na woga. Ningeikuta hasira ningejua la kufanya, maana hasira ninayo ya kutosha hata kuwagawia majirani. Woga wa muzee ulinivunja nguvu.

Na kapita alisema kweli, nilijua. Nikiwa msichana, mvua ilinyanyua bati letu pale Katindo, nikapanda kuweka jiwe juu yake kabla upepo haujalibeba. Mama alitoka jikoni akapiga yowe kama nimeshika nyoka. Shuka, unataka kumuua baba yako! Baba alikuwa uani. Baba huyo huyo aliyekuwa akiwasomea majirani alama zangu za hesabu. Hakuinua macho mpaka miguu yangu ilipogusa ardhi, kisha akaingia ndani na hakunisemesha siku ile. Kwa hiyo siwezi kusema haya ni mambo ya watu wengine. Nimeyanyonya.

Kapita alitaka kunisaidia, na alitaka kwa moyo. Aliuliza nataka kuona nini, atapanda yeye. Nikauliza: vyuma vya koridori viko juu au chini? Akapanda, akatazama, akasema viko vizuri, mama. Viko vizuri! Kila kitu nchi hii kiko vizuri mpaka kianguke. Nikampa telefone yangu apige picha. Picha ilionyesha wavu wa vyuma umesukwa safi kabisa, lakini ukitazama wavu kutoka juu huwezi kujua kama umeinuliwa au umelala kwenye mbao za kushikilia beto.

Nilimpigia patro. Alinisikiliza, akashusha pumzi, akasema atamtuma mwenzangu mmoja apande kwa niaba yangu, halafu mimi niweke saini. Mwenzangu huyo ni mtu wa mabomba ya maji. Vyuma vya beto anavijua kwa kuvikanyaga. Nikamwambia patro hivyo, na nikamwambia kwamba hesabu ni zangu, na watoto wakianguka nitaulizwa mimi. Akajibu kwamba mwanaume yeyote atatosha, muhimu ni watu wa pale watulie. Basi ilikuwa hivyo: mwanaume yeyote.

"Usiniletee fujo na watu, tafadhali," akasema. "Leo ni siku ya beto."

Kumbe mashine ilikuwa imeshawashwa. Wanawake walikuwa wamepanga madumu, beto ya kwanza ilikuwa inazunguka. Niliona wazi mambo mawili, na yote mawili yalikuwa mabaya: nikipanda, shantye hii inaweza kuwa ya mwisho kwangu, nisipopanda, nitaweka saini juu ya kitu ambacho watoto watakimbilia na sijakiona. Nikamwendea muzee. Nilichuchumaa kando ya kiti chake, kama unavyochuchumaa mbele ya baba mkwe, nikamweleza yote: koridori, vyuma, watoto kutoka darasani pamoja. Sikumwambia kwamba mila yake ni upuuzi. Nilimwambia kwamba naomba ruhusa yake, na kwamba akikataa sitapanda, lakini pia beto haitamwagwa mimi nikiwa hapa.

Alikohoa muda mrefu. Mtu mmoja akazima mashine.

"Mimi nimekwisha kuzeeka," akasema. "Batoto bado. Panda."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Hakuniambia kwamba haamini. Aliamini, na aliniambia nipande.

Wanaume wote waliokuwa juu walishuka. Walinipisha ngazi wakitazama pembeni, kapita akawa wa mwisho, akafanya ishara ya msalaba. Nikapanda. Nilikuwa peke yangu juu ya wavu ule, upande mmoja ziwa, upande mwingine mlima umefunikwa na moshi wake, na chini watu wote wakingoja nianguke au muzee aanguke. Nilitembea mpaka koridori, nikapiga magoti, nikaingiza mkono. Vyuma vilikuwa vimelala chini, juu ya mbao. Koridori nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vimefungwa kwa ustadi, mahali pabaya.

Nilishuka nikamwambia kapita, si kwa kelele. Hakubisha. Akakaa juu ya jiwe. Siku ile ikafa. Beto iliyokwisha kuchanganywa ikamwagwa nje, vibarua wakarudishwa nyumbani, na wanawake waliobeba maji tangu alfajiri walinipita na madumu yao matupu. Mmoja alitema mate karibu na buti zangu. Nilitaka kumwambia kwamba nimefanya hivi kwa ajili ya watoto wake, lakini watoto wake siku ile walikuwa wanangoja unga.

Kapita alifungua vyuma vyote, akaviinua, akavifunga upya. Asubuhi ya kumwaga tena nilifika kabla ya mtu yeyote, nikapanda, nikakagua, nikashuka. Yeye alijua. Alichelewa makusudi siku hiyo, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa, na aliponikuta nimesimama chini aliniuliza tu kama nimelala vizuri. Dale ikamwagwa, ikakaa.

Muzee alifariki mvua zilipoanza. Kifua.

Alikuwa mgonjwa kabla sijaijua njia ya Mugunga, kila mtu alilijua hilo, hata daktari wa kituo cha afya alilisema mbele ya watu. Haikusaidia kitu. Nilikwenda matangani. Hakuna aliyenifukuza, sisi si watu wa kufukuzana matangani. Nilipokaa kwenye mkeka wa wanawake, wale wa kulia kwangu walisogea kidogo, na wale wa kushoto nao wakasogea kidogo, nikabaki na nafasi ya kutosha kulala. Mjane alinipa mkono. Mkono ulikuwa baridi, na aliuondoa haraka. Nilirudi nyumbani nikalia, na sijui mpaka leo kama nilimlilia muzee au nilijililia mimi.

Baada ya hapo mafundi hawakuja kazini. Kapita alinitafuta mwenyewe ofisini, amevaa shati la Jumapili. Alisema hanishitaki. Alisema nilikuwa na haki juu ya vyuma, na kwamba anamshukuru Mungu nilipanda, angekufa na watoto wa watu kwenye roho yake. Halafu akasema kwamba nikiendelea kusimamia pale, hatapata hata mtu mmoja wa kuezeka. Mambo yote mawili aliyasema kwa mdomo mmoja, na yote mawili yalikuwa kweli kwake. Patro aliniondoa siku ile ile. Kwa usalama wako, akasema. Nilimuuliza ni nani ananitishia, hakuweza kunitajia mtu. Mtu wa mabomba akamalizia shule, na mimi nikarudi mezani kuchora nyumba za watu ambao hawajui mkono wangu.

Sijui niseme nini kuhusu muzee. Hesabu zangu zinaniambia kikohozi si kazi ya ngazi. Lakini nilikuwa nimechuchumaa pale, niliona alivyonitazama, na najua kwamba alipokuwa akikata roho kuna wakati alinifikiria. Hilo hakuna darasa lililonifundisha pa kuliweka. Nawakasirikia wote: patro, mafundi, mfadhili aliyetaka mwanamke kwenye mradi na hakuuliza mwanamke huyo atapandaje. Nakasirika mpaka chakula kinanishinda.

Mwezi uliopita patro aliniomba nizungumze mbele ya wasichana wa shule za ufundi, wale wa mwaka wa mwisho, kwenye ukumbi wa hoteli kando ya ziwa. Mfadhili alikuwa ameleta watu wake. Walitaka wasichana wapende uenjenieri. Nikasimama nikasema yale ya kusemwa: kwamba hesabu haijui mwanaume wala mwanamke, kwamba nchi imebomoka na itajengwa na mikono yote. Patro alikuwa mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa. Wageni waliandika.

Kisha msichana mmoja akainua mkono. Alikuwa mwembamba, sare yake imefuliwa mpaka imepauka, na kabla ya kuuliza alijitambulisha kwamba kwao ni Kalengera, wako Goma kwa sababu ya vita. Aliuliza swali dogo tu, la heshima: kwa sasa ninasimamia shantye gani?

Patro alinitabasamia. Nilijua ananiomba nini. Kuna maneno mengi ambayo mtu anaweza kuyasema hapo, kwamba niko kwenye miradi kadhaa, kwamba kazi ya mezani nayo ni kazi. Nikitaka shantye nyingine siku moja, hayo ndiyo maneno.

"Hakuna," nikasema. "Nilipanda juu ya dale, muzee mwenye nyumba akafa, nikaondolewa."

Wageni waligeukiana, wakimuuliza mkalimani nimesema nini, maana walidhani hawakuelewa. Wasichana hawakuuliza. Katika ukumbi mzima hakuna hata mmoja aliyeuliza kupanda kuna uhusiano gani na kufa. Waliinamisha vichwa wote, Washi, Wanande, Wahunde, wote. Yule wa Kalengera alibaki amesimama.

"Papa yangu angali muzima, mama," akasema. "Mi nikipanda, atakufa?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia muzee alikuwa mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia panda. Nikamwambia azungumze na baba yake kabla, amweleze kazi ilivyo, amwombe naye amwambie neno hilo. Nilipokuwa nasema niliona jinsi maneno yangu yalivyo madogo, lakini sikuwa na mengine.

"Na akikatala?"

Nikafungua mdomo. Patro akasimama, akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata.